Meza yetu ya zambarau na chungwa: Nani alisema Krismasi Kware lazima iwe nyekundu?

Desemba ikiingia tu, jaribu kupita Kamukunji uulize kitambaa cha meza. Muuzaji hatakuuliza unataka rangi gani. Anakutolea nyekundu. Ukitingisha kichwa, anakutolea kijani. Ukikataa hiyo pia, anakuangalia kama mtu aliyekuja kumpotezea wakati, halafu anavuta ile ya dhahabu kutoka chini ya meza na kukuambia, "Basi chukua hii, ni ya wenye pesa."

Mwaka mmoja mimi sikuchukua hata moja. Krismasi ya 2024 meza yetu hapa Kware ilivaa zambarau na chungwa. Ilitugharimu mabishano ya siku nne nyumbani, kitambaa kimoja cha mathe kikaharibika, na mjomba akadhani tumeingia siasa. Lakini nikiulizwa ni Krismasi gani ninayoikumbuka vizuri tangu niache chuo na kurudi kukaa na mathe, ni hiyo. Ndiyo maana mwaka huu, kabla hujatoa pesa yako kwa riboni na mipira ya kung'aa, naomba unisikilize kidogo.

Kwanza ujue tunakaa wapi. Ni chumba kimoja, ghorofa ya tano, pazia limekigawanya katikati. Upande mmoja ni kitanda, upande wa pili ni kochi, televisheni na meza fupi ya mbao ambayo siku za kawaida inabeba thamosi, chaja tatu na Biblia. Ploti inayotutazama imejengwa karibu hivi kwamba jirani wa ng'ambo akifungua dirisha unaweza kumpa chumvi bila kunyoosha mkono sana. Taa inawaka hata saa saba mchana. Hiyo ndiyo meza ninayozungumzia. Hakuna mtu hapa ana meza ya kulia ya viti vinane.

Na Kware yenyewe? Kuna Kware nyingi Kenya hii, hata Rongai wana yao. Jina ni lile lile na sababu ni ile ile: machimbo ya mawe. Kware yetu ni wadi katika eneo bunge la Embakasi Kusini, majirani wa Pipeline, Imara Daima, Kwa Njenga na Kwa Reuben. Watu walichimba mawe ya kujengea hili jiji, wakaondoka, wakatuachia mashimo. Mashimo yakajaa maji na takataka. Sisi tukajenga kando yake, tukazaa, tukafungua vibanda vya chipo na saluni, maisha yakaendelea.

Halafu ikaja Julai 2024. Sitaeleza sana, maana unajua. Miili ya wanawake ilitolewa kwenye shimo la Kware ikiwa ndani ya magunia. Dunia nzima ikajifunza jina la mtaa wetu kwa wiki moja. Agosti 20 mwaka huo huo, mshukiwa mkuu aliyekuwa amekamatwa akatoroka kutoka kituo cha polisi cha Gigiri. Kufikia mwisho wa mwaka polisi wenyewe walikuwa wamesema wanawake 97 waliuawa nchini kati ya Agosti na Oktoba. Na wanawake walikuwa wamejaza barabara za Nairobi tangu Januari 27, wakisema wamechoka. Walipotoka tena Desemba 10, walikutana na vitoa machozi.

Kwa hivyo wiki mbili kabla ya Krismasi nilipomwambia dada yangu mdogo kwamba nimeona kitambaa kizuri chekundu cha meza, alinijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Si nyekundu. Mwaka huu nimeona nyekundu ya kutosha."

Sikuwa na jibu. Ana miaka kumi na tisa. Tangu Julai alikuwa ameacha kupita ile njia ya mkato, na akirudi jioni ananipigia simu akiwa bado stejini nishuke nimngoje. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba rangi ya kitambaa inaweza kumkumbusha mtu kitu. Nikakirudisha moyoni kile kitambaa chekundu, nikaanza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza zamani: hii nyekundu na kijani tuliitoa wapi?

Tuliazima

Nyekundu na kijani ni rangi za majira ya baridi ya Ulaya. Huko kuna mti unaitwa holly; miti mingine ikipoteza majani, huo unabaki kijani na unazaa vitunda vyekundu. Mtu anayekaa kwenye baridi na giza la saa kumi jioni akiona kitu cha rangi, lazima akiingize nyumbani. Inaeleweka kabisa. Lile ua jekundu la Krismasi, poinsettia, ni la Mexico. Balozi wa Marekani aliyeitwa Joel Poinsett ndiye alilipeleka kwao mnamo 1828, likapewa jina lake. Siku hizi unaliona hata kwenye ua za watu hapa Nairobi. Na yule mzee mnene wa nguo nyekundu hakubuniwa na kampuni ya soda kama watu wanavyopenda kusema, alikuwa amechorwa kabla yao. Lakini matangazo ya Coca-Cola yaliyochorwa na Haddon Sundblom kuanzia 1931 yalimsambaza mpaka akafika kwenye dirisha la supamaketi yetu, amevaa koti zito, jua la Desemba likimchoma.

Sisemi ni vibaya kuazima. Sisi watu wa Eastlands ni mabingwa wa kuazima. Nusu ya maneno ninayoandika hapa yameazimwa. Shida ni kuazima halafu kusahau kwamba umeazima, ukaanza kuona aibu kwa kitu chako. Nimeona watu wakibandika pamba kwenye dirisha ati ni theluji. Theluji, Embakasi! Nimeona msee akifulizia pesa anunue taa za kumetameta, halafu tarehe moja Januari anaomba unga kwa jirani. Tunaita Njaanuari na kucheka, lakini mara nyingi Njaanuari tunaipanga wenyewe Desemba.

Na hapa kuna jambo linaloniuma zaidi. Kenya inauzia dunia maua. Waridi za Naivasha zinapitia uwanja wa ndege wa JKIA, ambao kutoka kwetu tunasikia ndege zake zikipaa usiku kucha. Maua yanapita karibu na vichwa vyetu yakienda kupamba meza za watu wengine, na sisi tunanunua maua ya plastiki yaliyokuja kwa meli.

Mathe akataa

Dada yangu ndiye alichagua zambarau na chungwa. Chungwa, alisema, kwa sababu ya zile siku 16 za kupinga ukatili dhidi ya wanawake, kati ya Novemba 25 na Desemba 10. Umoja wa Mataifa huzipamba kwa rangi hiyo. Novemba 25 ni siku ya kuwakumbuka kina dada Mirabal, wale watatu waliouawa Jamhuri ya Dominika mwaka 1960 kwa kumpinga dikteta. "Zikiisha tarehe kumi watu wanarudisha rangi kabatini," akasema. "Mimi nataka ifike tarehe ishirini na tano." Na zambarau? "Hiyo ni kwa sababu naipenda." Sababu nzuri kabisa.

Mathe akakataa katakata. Na mathe akikataa hana sababu za kubahatisha. Ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, anaimba kwaya. "Nyinyi mnataka kunichekesha," akasema. "Zambarau ni ya Majilio. Ni ya Kwaresima. Ni rangi ya kungoja na kutubu. Krismasi padri anavaa nyeupe. Mtoto ameshazaliwa, nyinyi bado mnangoja nini?"

Nikatoka nje ya mlango kupumua. Kusema kweli alikuwa ametushinda kwa hoja. Kanisani zambarau ni ya Jumapili za Majilio, ukitoa ile ya tatu ambayo padri anaweza kuvaa rangi ya waridi, na usiku wa Krismasi inaondoka. Mathe hakuwa anashikilia nyekundu ya supamaketi. Alikuwa anashikilia nyeupe yake, yenye maana kwake. Mimi niliyekuwa najiona mjanja, nimesoma mambo ya Sundblom na Poinsett, nilikuwa sijawahi kumuuliza mama yangu mwenyewe Krismasi ni rangi gani.

Siku ya tatu ya mabishano dada yangu akafanya kitu ambacho mimi singewaza. Alivua vitambaa kwenye kochi.

Kama umelelewa nyumba ya Kenya unavijua: vile vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa sindano ya kroshia, vinavyokaa mgongoni mwa kochi, juu ya televisheni, juu ya redio, juu ya kila kitu kisichojitetea. Vyetu mathe alivishona mwenyewe. Alishona vingine akiwa na mimba yangu. Vimekaa kwenye kochi la rangi ya maziwa miaka yote hiyo na sikuwahi kuviangalia. Ni nyuzi nyeupe juu ya kitu cheupe, utaona nini? Kazi yangu ilikuwa kuvinyoosha wageni wakija na kulaumiwa vikianguka.

Dada yangu akatandika kimoja juu ya pazia la zambarau nililokuwa nimenunua Gikomba kwa shilingi 150. Tukanyamaza sote.

Kilikuwa na maua. Maua manane yanazunguka nyota, na pembeni kuna majani madogo yanayofuatana kama watoto wanaoenda shule. Kila tundu lilionekana. Mathe akainama, akapitisha kidole. "Hiki nilikishona tukiwa bado Mukuru," akasema. "Taa ilikuwa ya koroboi." Halafu akasema, kama anayejizungumzia, "Basi Majilio yakae chini, Krismasi ikae juu."

Mabishano yakaisha hapo. Zambarau chini, nyeupe juu. Padri mwenyewe angekubali.

Leso ya pea moja

Ikabaki chungwa. Mathe akasema kama ni kununua, tununue leso, kwa sababu leso baada ya Krismasi ina kazi, lakini kitambaa chenye picha ya kengele kina kazi siku moja tu. Huo ni uchumi ambao chuo hakikunifundisha katika mihula mitatu niliyokaa.

Leso, kwa wale wanaoiona kila siku bila kuijua, ina sehemu zake: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi. Neno lenyewe lilitoka kwa Wareno, lilimaanisha kitambaa cha mkononi. Akina mama wa Pwani walikuwa wanashona vitambaa vya namna hiyo pamoja kupata nguo moja kubwa. Mombasa kuna duka la Biashara Street ambalo leso zake zimebeba alama ya "Mali ya Abdulla" tangu enzi za mababu. Kwa hivyo ukitafuta kitambaa cha meza chenye historia yetu, kinachoongea Kiswahili, tayari kipo. Kimekuwa kikibeba watoto na kufunika sufuria za matanga wakati wote huo.

Niliipata Eastleigh. Mji wa chungwa, pindo jeusi, jina linasema *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Nilibishana na muuzaji mpaka shilingi 400 kwa pea. Nikajiona mshindi.

Halafu nikafanya upuzi. Leso ilikuwa mpya na ngumu kwa ule wanga wa kiwandani, nikaona niiloweke. Beseni ni moja, maji tunanunua kwa mtungi, nikatumbukiza na kitambaa kimoja cha mathe humo humo ili kuokoa maji. Nilirudi baada ya nusu saa. Kitambaa cheupe kilikuwa na doa la chungwa ukubwa wa kiganja.

Sitaandika alichosema mathe. Lakini hakukitupa. Siku ya Krismasi alikiweka katikati kabisa ya meza na kuweka bakuli la machungwa juu ya doa. Bado tunacho. Kila anapokitandika ananiangalia.

Mezani sasa kulikuwa hivi: pazia la zambarau limefunika meza yetu na meza ya jirani tuliyoazima, zikiwa zimeunganishwa. Leso moja ya chungwa imepita katikati kama barabara, jina likiwa upande wa mlango ili anayeingia alisome. Vitambaa vyeupe chini ya kila sahani, na sahani zenyewe ni za namna tatu tofauti, hakuna aliyejali. Katikati bakuli la machungwa na matunda ya pasheni, yale ya ngozi ya zambarau iliyokunjamana. Kando yake chupa mbili za sosi zilizooshwa, ndani yake matawi ya boganvilia ambayo dada yangu aliomba kwa askari wa geti fulani kule Imara Daima. Maua hayakutugharimu hata shilingi, na mapambo mengine tuliyala baada ya pilau.

Kwa wanaopenda kujua mambo ya rangi, kuna sababu meza ile ilipendeza na siyo bahati. Taa zetu hizi nyeupe za kuokoa umeme zinapausha kila kitu. Kitambaa cheupe au cha maziwa chini yake kinaonekana kama cha hospitali. Rangi nzito ya chini inafanya chakula kionekane: wali unang'aa, kachumbari inawaka, chapati inaonekana na rangi yake ya kahawia. Chungwa na zambarau hazipatani kimya kimya, zinasukumana, na hiyo ndiyo inafanya jicho liamke. Halafu nyeupe inaingia kati kuzituliza. Moja nzito, moja kali, moja tulivu. Ukishika hiyo kanuni unaweza kutumia rangi zozote: bluu na manjano, maji ya kunde na waridi, hata nyeusi ukitaka. Zikizidi tatu, meza inageuka matatu ya Embakasi. Matatu zinapendeza sana barabarani, lakini huwezi kula pilau juu yake.

Mjomba na chama

Mjomba alifika saa sita kutoka Dandora na watoto wawili. Kabla hajaketi akaangalia meza, akasoma leso, akaangalia mathe. "Kwani hii nyumba imehamia ODM bila kuniambia?"

Msicheke. Kenya rangi haiwezi kuwa rangi tu. Kwenye kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, waliounga mkono katiba walipewa ndizi na waliopinga wakapewa chungwa. Chungwa likashinda, na kutoka siku hiyo likageuka chama. Nyekundu ikawa ya Jubilee, manjano ikawa ya UDA. Kuna mtu najua aliyekataa kuvaa tisheti nzuri ya mitumba kwa sababu ya rangi, mwaka wa uchaguzi. Tumewaachia wanasiasa hata upinde wa mvua.

Dada yangu akamweleza mjomba chungwa lile ni la nini. Alimweleza taratibu, kwa adabu, kama unavyomweleza mjomba. Habari za siku 16, na za shimo lililo dakika kumi kutoka pale alipokaa. Mjomba ana mabinti watatu. Hakusema kitu cha maana, alisema tu "Ehe," akavua kofia. Lakini baadaye nilimsikia akimuuliza binti yake mkubwa anarudi saa ngapi kutoka kazini na nani anamsindikiza. Hilo swali sikuwahi kumsikia akiuliza.

Raila Odinga alituacha Oktoba 15, 2025, na najua mjomba akiona chungwa tena atakuwa na mambo mengine moyoni. Ni sawa. Rangi moja inaweza kubeba watu wengi.

Rangi haimsindikizi mtu nyumbani

Sasa najua kuna msomaji anasema: huyu naye ametoka wapi? Mtaa una shimo lisilozibwa, taa za barabarani zimekufa, yeye anatuletea habari za vitambaa. Na ni kweli. Nikikudanganya kwamba leso ya chungwa ilimlinda mtu Kware, nipuuze. Leso haijawahi kumshika mhalifu, wala rangi haimsindikizi mtu nyumbani.

Lakini sikiliza kilichotokea. Tulikuwa tumemwalika jirani wetu, msichana anayefanya kazi kwenye kiwanda kimoja huko Eneo la Viwanda. Anakaa ploti ya tatu kutoka kwetu, peke yake. Nauli ya kwenda kwao ilikuwa imepanda kama kawaida ya Desemba, akabaki Nairobi. Alipoalikwa alisema asante lakini hapana. Sababu? Chakula cha jioni kinaisha saa tatu, saa nne, na yeye hawezi kutembea zile ploti tatu usiku. Ploti tatu! Mimi natembea huko nikiwa naangalia simu.

Kama tungekuwa tunanakili Krismasi ya kwenye televisheni, tungesema pole na kuendelea na chakula cha jioni chenye mishumaa. Lakini tulikuwa tayari tumekubali kwamba meza ni yetu, tunaweza kuibadilisha. Tulishabadilisha rangi, basi tukabadilisha na saa. Tukala saa nane mchana. Mishumaa tukaiacha, na hiyo ilikuwa busara pia. Chumba kimoja chenye pazia na mtungi wa gesi si mahali pa kuchezea moto. Na saa moja jioni, alipotaka kwenda, tulimsindikiza watano, pamoja na watoto wa mjomba, tukipiga kelele njia nzima.

Mlangoni mathe alimfunga leso mabegani kwa sababu ya baridi. Leso huuzwa pea, si unakumbuka? Moja ilikuwa mezani, ya pili ilikuwa imebaki imekunjwa. Alitaka kuirudisha kesho yake, mathe akakataa. *Mgeni njoo mwenyeji apone.* Ilikuwa imeandikwa tangu mlangoni, sisi ndio tulichelewa kuisoma.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, sisi vijana wa mitaa. Kupamba meza ni kuamua nani atakaa hapo na utamfanya ajisikie vipi. Ukinunua rangi zilizoamuliwa na duka, unanunua pia mawazo yaliyoamuliwa na duka: kwamba sikukuu ni mng'ao, kwamba anayekosa mng'ao amekosa sikukuu. Ukikaa chini na watu wa nyumbani kwako na kuulizana "mwaka huu meza iwe rangi gani na kwa nini," utashangaa yatakayotoka. Mimi nilijua dada yangu anaogopa. Nilijua mama yangu ni fundi. Nilijua jirani yangu anajifungia saa moja kila siku. Yote haya yalikuwa kwenye ploti moja na mimi, na ilibidi tugombanie kitambaa ndiyo niyaone.

Kwa hivyo kabla ya tarehe 25, fanya hivi. Usikope pesa kwa ajili ya mapambo, hata senti. Fungua kabati la mama yako kwanza: shuka, pazia kuukuu, vitenge, leso, vitambaa vya kochi. Muulize kila kimoja kilitoka wapi. Chagua rangi tatu ambazo mtu wa nyumbani anaweza kuzitolea sababu, hata kama sababu ni "naipenda." Kama leso ni mpya, ioshe peke yake, tafadhali, peke yake. Weka matunda mahali pa maua ya plastiki. Halafu angalia ni jirani gani amekosa nauli ya kwenda kwao, umwalike, na panga saa ya kula kulingana na saa yake ya kurudi salama. Na kama wewe ni mwanamume kama mimi, vaa viatu umsindikize, na usingoje kusifiwa.

Kisha Januari, tukishashiba, twende tuulize lile shimo litazibwa lini na taa za barabara zitawaka lini. Hizo ni kazi za watu wanaolipwa mishahara, na meza haiwezi kuzifanya. Lakini watu waliokula pamoja huuliza kwa sauti moja.

Mwaka huu dada yangu anataka bluu na manjano. Mathe ameshaanza kukataa.